Nilivyopima hatari ya leza kwenye renji kabla vijana hawajaanza mazoezi

Nilikuwa kwa timu ya usalama wa renji, yaani uwanja wa mazoezi ya kulenga shabaha, siku moja nikaambiwa mazoezi ya wiki ijayo yatakuwa na leza ya kupimia umbali, nichore mahali watu wasisimame. Leza yenyewe ni ya nanomita 1064 (huo ni urefu wa wimbi la mwanga wake), huioni kabisa. Mkubwa mmoja akaniuliza, "Sasa kitu haionekani itaumiza nani?" Hapo nikajua kazi iko. Mwale unaoonekana, jicho hupepesa ndani ya robo sekunde hivi likajiokoa, lakini huu jicho linaukaribisha tu na kuukusanya mpaka kwa retina, na retina ikishaungua imeenda.

Usiku huo nikakaa nyumbani Kasarani na kalkuleta. Nilianza na pointa ya leza ya kijani niliyonunua barabara ya Luthuli, Nairobi, imeandikwa nguvu ya miliwati 5. Mwale ukitanuka milirediani 1, yaani milimita 1 kwa kila mita, umbali wa hatari kwa jicho tupu unakuja kama mita 16. Nikaweka miliwati 100 nikidhani itazidi mara 20, kumbe ni mita 70 hivi, kwa sababu umbali unafuata kipeuo cha pili cha nguvu. Lakini mtu akiangalia mwale na darubini ya 7x50, ile inayokuza mara 7, huo umbali unaweza kwenda mpaka mara 7, na renji wenye darubini ni nani? Ni mainstrakta na waangalizi, wale tulikuwa tumepanga kuwaweka mbele pembeni karibu na shabaha! Hiyo ilininyima usingizi.

Umbali wa hatari wa leza yenyewe ya mazoezi ulitoka kilomita kadhaa. Hakuna mtu ana uwanja mtupu hivo, kwa hivyo mwale lazima uishie kwa mlima, na mkono wa mtu ukitetemeka milirediani 10, kwa kilomita 1 umeshahama mita 10, so shabaha za juu karibu na kilele nikazikataa zote.

Tulitoka Nairobi saa kumi alfajiri, nikatembea renji yote kwa miguu. Ramani haikuonyesha gari bovu lililowekwa kama shabaha likiwa bado na kioo cha mbele, wala maji ya mvua yaliyotulia kwa shimo. Jioni giza likiingia nikaondoa watu wote mbele, nikamwita yule mkubwa asimame nyuma yangu, nikamulika kile kioo na pointa. Doa moja likapita ndani, lingine likaruka likatua kwa turubai la hema la jikoni, kimo cha kichwa cha mpishi.

"Afande, hapo ndio mpishi husimama," nikamwambia.

Hakubishana tena. Kioo kikang'olewa usiku huo huo, shimo likajazwa mchanga na koleo mbili, waangalizi wakarudishwa nyuma ya mstari wa leza. Ikabaki njia ya wachunga mbuzi inayokata nyuma ya kilima, hiyo nikaweka askari wawili wenye redio, na kila mbuzi wakitokea leza inazimwa mpaka wapite wote.