Usitupe kigae: nilivyopata udongo wa jiko usiopasuka

Jiko la mkaa lenye udongo ndani, lile lenye kiuno, lina sehemu mbili: ganda la bati, na bakuli la udongo uliochomwa lenye matundu chini ya kupitisha hewa na kuangusha majivu. Bati halina siri kubwa. Mwenye mkasi, tindo, nyundo na kipande cha reli cha kutumia kama fuawe atalizoea upesi. Kazi iko kwenye udongo. Bakuli likipasuka ndani ya mwezi wa kwanza, mteja analirudisha, na haki anayo. Hapa naeleza nilivyofika kwenye mchanganyiko ninaotumia sasa, na nitakaa zaidi kwenye ile iliyoharibika, maana sehemu kubwa ya jiko hili ilitoka huko.

Tuanze na kumbukumbu. Daftari linalowa na karatasi inapotea tanurini, kwa hiyo naandika kwa msumari juu ya udongo wenyewe ukiwa mbichi, pembeni, sehemu ambayo bati litaifunika: udongo ulikotoka, kilichochanganywa, uwiano, tarehe. Ukishachomwa, maandishi hayafutiki. Bakuli likipasuka, kipande chenye maandishi kinakwenda rafuni pamoja na kile chenye ufa, na vilivyobaki vinakwenda kwenye kinu. Kila mchanganyiko natengeneza mabakuli matatu, kwa sababu moja linaweza kupasuka kwa bahati mbaya tu, lakini matatu yakipasuka mahali pamoja hiyo si bahati. Na nabadilisha kitu kimoja kwa mara moja. Ukibadilisha udongo, unene na moto kwa mpigo, hata ukifaulu hutajua umefaulu kwa kipi.

Jaribio la kwanza lilikuwa udongo wa mfinyanzi mtupu, ule wa bondeni unaonata. Kuufinyanga ni raha, kuukausha ni balaa. Chukua kipande cha sentimita 12 kwa 4, unene 1.5, chora juu yake mstari wa sentimita 10 kamili, kikaushe, kichome, kisha pima tena. Udongo wangu ulirudi 8.8, yaani umesinyaa asilimia 12. Kusinyaa peke yake si tatizo ikiwa bakuli zima linasinyaa pamoja. Lakini ukuta wangu ulikuwa sentimita 2.5 na kitako chenye matundu kilikuwa 4. Ukuta ulikauka kwanza ukavuta, kitako kikiwa bado kibichi. Ufa ulitokea pale pale vinapoungana, ukazunguka kama umekatwa kwa uzi.

Dawa ambayo wengi watakuambia ni mchanga. Ni kweli kwamba mchanga unapunguza kusinyaa. Niliweka ndoo moja ya mchanga wa mto kwa ndoo mbili za udongo. Mabakuli yakakauka bila ufa na yakatoka tanurini mazima. Hapo ndipo mtu anadanganyika. Baada ya kuwashwa kama mara ishirini, ndani yalianza kuonyesha nyufa nyembamba kama utando wa buibui, kisha vipande vikaanza kubanduka. Mchanga wa mto kwa sehemu kubwa ni kwatzi, madini magumu yanayong'aa kama kioo, na kwatzi ina tabia moja: ikifika nyuzi 573 za Selsiasi inatanuka ghafla, ikipoa inarudi kwa ghafla vilevile. Kwenye chungu cha maji hilo halina madhara, kwa sababu kikishachomwa hakifiki tena joto hilo. Kwenye jiko, udongo ulioshikana na mkaa mwekundu unavuka kizingiti hicho kila siku, kwenda na kurudi. Kila punje kubwa ya mchanga inafanya kazi ya kabari ndogo.

Ilitakiwa basi punje isiyosinyaa wakati wa kukauka na isiyoruka ruka kwenye moto. Punje hiyo nilikuwa nayo lundo zima: yale mabakuli ya kwanza ya udongo mtupu yaliyopasuka. Udongo uliokwisha kuchomwa umeshasinyaa kiasi chake chote, na unatanuka sawa na udongo mpya unaoushikilia kwa sababu ni ndugu. Nilivitwanga vigae, nikachekecha kwa wavu wa dirisha, kisha nikapitisha tena kwenye chekecheo la unga ili kuondoa vumbi. Usiache vumbi, linakunywa maji bila kusaidia kitu. Zinazotakiwa ni chenga, si unga.

Uwiano ulikuja polepole. Ndoo 1 ya chenga kwa 6 za udongo haikutosha, ufa wa kitako ukabaki. Ndoo 1 kwa 2, udongo ukagoma kushikana, kingo zikavunjika wakati wa kutoa kwenye kalibu, yaani chombo cha kufinyangia bakuli. Ndoo 1 kwa 3 ndiyo ninayotumia, vyote vikiwa vikavu na vimechekechwa kabla ya kutiwa maji. Baada ya kukanda, naufunika kwa nailoni siku saba. Ukiharakisha hapo, chenga zinakuwa bado hazijalowa ndani na zitanyonya maji ya udongo unaozizunguka.

Kuna kosa moja la hesabu nililolipia hapa. Kalibu langu la zamani lilikuwa na upana wa sentimita 29.5, kwa sababu 26 gawanya kwa 0.88 ni 29.5, na bakuli la sentimita 26 ndilo linaloingia kwenye bati. Mchanganyiko wenye chenga unasinyaa asilimia 8 tu. Mabakuli yakatoka na sentimita 27, mazuri kabisa, hayaingii. Kalibu jipya ni 28.3. Kila ukibadilisha mchanganyiko, rudia kipande cha kupimia kabla ya kugusa kalibu.

Pumba za mpunga nazo zilikuwa wazo zuri lililokaa mahali pasipo pake. Pumba zinaungua ndani ya udongo na kuacha vitundu vya hewa, na hewa iliyofungwa haipitishi joto kirahisi. Bakuli la pumba lilikuwa jepesi, na nje yake ukiligusa hushtuki. Lakini mama wa jikoni huchokoa mkaa kwa chuma, na hugonga kingo kumwaga majivu. Bakuli hilo lilikuwa linaliwa kama biskuti. Niliachana nalo, ila kipande chake kilibaki rafuni na maandishi yake, na kikaja kunisaidia kwenye tatizo ambalo halikuhusu bakuli kabisa.

Tatizo hilo ni namna ya kushika bakuli ndani ya bati. Nilianza na saruji na mchanga, moja kwa tatu, kama fundi wa nyumba. Siku ya kwanza likashika kama mwamba, na huo ugumu ndio ulioleta hasara. Udongo unapopata moto unatanuka, saruji ngumu hainyumbuki, kitu fulani lazima kiachie. Mara nyingine liliachia bakuli. Mara nyingine saruji yenyewe, maana ikikaa kwenye nyuzi mia nne na zaidi inapoteza nguvu na kuwa unga. Zaidi ya hapo, saruji ya mchanga inapeleka joto moja kwa moja kwenye bati, na bati linalipeleka hewani. Hapo nikakumbuka pumba. Majivu ya pumba zilizoungua vizuri, yale meupe au ya kijivu, yamejaa vitundu na hayaogopi moto. Saruji 1 kwa majivu 4, maji kidogo tu, unasindilia unene wa sentimita 1.5 hadi 2 kati ya bakuli na bati. Ukikauka unaweza kuukwaruza kwa kucha, na hivyo ndivyo unavyotakiwa kuwa. Mafundi wa Kenya hutumia saruji na vemikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto, kwa kazi hiyo hiyo. Palipo na mashine ya kukoboa mpunga, majivu ni bure.

Jiko la kiuno lenyewe lilipatikana kwa njia hii hii ya kurekebisha kisichofaa. Lilizaliwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutokana na jiko la ndoo la Thailand, ambalo lina umbo la pia, pana juu na jembamba chini, na udongo wake unafika chini kabisa. Kwenye mwiko wa ugali umbo hilo halifai, linayumba. Toleo lililoshinda lilipanuliwa kitako, likabanwa katikati, na udongo ukabaki nusu ya juu tu. Nusu ya chini ni chumba cha hewa na majivu, haihitaji udongo, na jiko linakuwa jepesi kubeba.

Tanuri lilinila mabakuli kuliko kitu kingine, na sababu zilikuwa mbili tu. Ya kwanza ni maji. Udongo unaoonekana mkavu bado una unyevu ndani. Maji yakifika nyuzi 100 yanakuwa mvuke, na mvuke usiopata njia unapasua kwa kishindo. Nakausha kivulini wiki tatu, mabakuli yakiwa yamepinduliwa ili kitako kipate hewa, kisha saa nne za moto mdogo sana wa kuni nyembamba. Kabla ya kuongeza moto, shika kioo cha baridi juu ya tundu la moshi kwa sekunde chache. Kikiingia ukungu, bado. Baada ya hapo napandisha hadi ndani kuwe na wekundu unaoelekea rangi ya chungwa, ambao ni kama nyuzi 850 hadi 900, nashikilia saa moja, naziba matundu yote na sifungui hadi kesho yake mchana.

Sababu ya pili ni chokaa. Mabakuli yalitoka mazima, yakakaa siku nne au tano, kisha yakaanza kurusha vibamba vidogo, na katikati ya kila kidonda kulikuwa na punje nyeupe. Ni vijiwe vya chokaa vilivyokuwamo kwenye udongo: tanuri limevigeuza chokaa hai, nayo inanyonya unyevu wa hewa, inavimba na kusukuma. Sasa kila udongo mpya naudondoshea ndimu au siki kabla hata ya kuulipia usafiri. Ukitoa mapovu, unabaki huko huko shimoni.

Matundu niliyachezea mara nyingi, nitasema kwa kifupi. Ya milimita 10 yanazibwa na majivu jiko likiwa katikati ya kupika maharage. Ya 25 yanaangusha mkaa mzima. Ninayotumia ni ya 16 upande wa juu na 20 upande wa chini, ili jivu likishaingia lisipate pa kukwama. Toboa udongo ukiwa mgumu kama sabuni. Ukiwa laini zaidi, kingo zinajikunja na kuanzisha ufa.

Kilichonishinda hadi leo ni mafiga, vile vinundu vitatu vya juu vinavyobeba sufuria. Vikiwa vifupi, sufuria inaziba moshi na mkaa unazimika nusu. Vikiwa virefu, moto unapotea pembeni. Milimita 10 ndicho kimo kinachofaa, lakini kinundu kilichobandikwa baadaye huchomoka sufuria nzito ikiburutwa. Nimejaribu kukifinyanga pamoja na ukuta, na kinachomoka na kipande cha ukuta. Sasa najaribu chuma: vipande vya nondo ya milimita 8 vilivyofungwa kwenye bati na kuinamia ndani. Kwenye mabakuli matatu ya kwanza, kimoja kimeshaanza kupinda kwa joto. Mabakuli ya mafiga ya udongo yako kwenye debe karibu na kinu, yanasubiri kutwangwa.