Kandili za Novemba: Tunavyoiandaa Sikukuu ya Martin na Wanangu Mjini Bonn

Tangu wanangu wawili waanze kusoma chekechea hapa Bonn, mwezi wa Oktoba nyumbani kwetu umekuwa mwezi wa karatasi, gundi na majani makavu. Jioni ya tarehe 11 Novemba, au siku zilizo jirani nayo, watoto wa miji na vijiji vya bonde la mto Rhein hutoka na kandili walizozitengeneza, wakaandamana barabarani wakiimba nyuma ya mpanda farasi aliyevaa joho jekundu. Sikukuu hiyo huitwa Sankt Martin. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na ni Mwislamu, na kabla ya kuja huku sikuwahi kushika kandili ya karatasi. Hata hivyo, katika sikukuu zote za Ujerumani hakuna ninayoiandaa kwa moyo mkunjufu kama hii. Naandika haya hasa kwa ajili ya wazazi wenzangu wazungumzaji wa Kiswahili walioko huku, ambao hupokea barua ya chekechea inayowataka walete kandili na hawajui waanzie wapi.

Nianze na giza, kwa sababu giza ndilo lililonifundisha umuhimu wa kazi hii. Tanga jua huzama baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na mtoto huzoea kwamba jioni ina wakati wake usiobadilika. Hapa, Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zote hurudishwa nyuma kwa saa moja, na ifikapo siku ya Martin jua huwa limekwishazama kabla ya saa kumi na moja. Watoto hutoka chekechea gizani, kukiwa na manyunyu na baridi, na mzazi aliyekulia pwani huona kama siku imenyang'anywa nusu yake. Nimeona kwa macho yangu kwamba mtoto aliyetumia jioni kadhaa akichana karatasi na kubandika majani kwenye taa yake mwenyewe hulisubiri giza kwa hamu, kwa kuwa taa hiyo haina kazi mchana. Madukani zipo kandili zilizokwisha kutengenezwa, na bei yake si kubwa, lakini kandili ya kununua huingia nyumbani siku ile ile inayotumika na haimwandai mtoto kwa lolote. Kwa sababu hiyo nimeshikilia kwamba yetu itengenezwe nyumbani hata pale muda unapokuwa mchache.

Kabla ya mkasi na gundi huja hadithi, nami huwasimulia kwa Kiswahili. Martin alizaliwa katika karne ya 4 huko Pannonia, sehemu ambayo leo ni Hungaria, akawa askari farasi wa dola ya Rumi. Siku moja ya baridi kali, kwenye lango la mji wa Amiens huko Gaul, nchi ambayo leo ni Ufaransa, alimkuta maskini aliyekuwa karibu uchi. Akachomoa upanga, akalikata joho lake vipande viwili, akampa kimoja. Baadaye aliacha jeshi, akawa mtawa na kisha askofu wa Tours, na tarehe 11 Novemba inayoadhimishwa ni siku aliyozikwa mwaka 397. Watu husimulia pia kwamba alipotafutwa ili afanywe askofu alijificha kwenye banda la mabata bukini, na ndege hao wakamfichua kwa kelele zao. Kisa hicho huwafurahisha wanangu kuliko vingine vyote. Lakini swali linalorudi kila mwaka ni la joho. Binti yangu aliniuliza, "Mama, kwa nini hakumpa lote?" Nilimjibu kwamba baridi ilikuwa ya wote wawili, na kwamba Martin aligawana na yule maskini ili kila mmoja aifikie asubuhi. Kaka yake alitaka kujua ni nani aliyepata upande wenye kifungo, nasi tukalijadili jambo hilo kwa muda mrefu huku tukikata karatasi.

Wapo wanaoniuliza inakuwaje Mwislamu amwandalie mtoto wake sikukuu ya mtakatifu wa Kanisa, na hapa Ujerumani kwenyewe mara kwa mara huzuka mjadala kama chekechea zenye watoto wa dini mbalimbali ziiite siku hii sikukuu ya kandili tu, bila jina la Martin. Kwa upande wangu, jina lake halijawahi kunikwaza. Kumsitiri asiye na nguo ni jambo nililofundishwa madrasa kabla sijajua kusoma vizuri, na wanangu wanajua kwamba katika nyumba yetu hatumwombi mtakatifu yeyote. Ukiliondoa jina la Martin na joho lake, watoto hubaki na matembezi ya taa yasiyo na sababu, na naona hapo wanapunjwa. Ndiyo maana wiki moja kabla ya maandamano huwa tunafungua kabati pamoja, kila mtoto akachagua koti au sweta lililomfupia lakini bado zima, tukaviosha na kuvipeleka mahali panapokusanywa nguo za wahitaji kabla baridi haijakaza.

Kazi ya mikono yenyewe huanza mapema Oktoba kwa kuokota. Majani ya mti unaoitwa Ahorn, ambayo ni mapana na yenye ncha, hugeuka manjano, rangi ya chungwa na mekundu, na ya ginkgo huwa manjano matupu. Tunayafuta maji, tunayapanga katikati ya kurasa za magazeti, tunayawekea vitabu vizito juu, na kila baada ya siku mbili tunabadilisha magazeti ili majani yasiote ukungu. Baada ya wiki moja hivi huwa yamenyooka na kukauka. Ni vizuri kumfundisha mtoto kulinyanyua jani dirishani kabla ya kulichagua, kwani jani la manjano hupitisha mwanga na kuonyesha mishipa yake yote, ilhali la kahawia iliyokolea, hata liwe zuri kiasi gani mezani, huonekana kivuli tu taa inapowashwa. Tangu walipolielewa hilo, wanangu huchagua wenyewe, na huchagua vizuri kuliko mimi.

Pamoja na majani huokotwa pia tunda la Kastanie, lenye ganda la miiba na kokwa ya kahawia inayong'aa. Zile zinazodondoka mitaani haziliwi, zina sumu, na mtoto mdogo lazima aambiwe hivyo mapema kwa kuwa zinafanana sana na zile za kuchoma zinazouzwa barabarani. Hizo za mitaani ni za kutengenezea wanyama: unatoboa tundu kwa keekee ndogo ya mkono, unachomeka vijiti vya kuchokonolea meno viwe miguu na shingo, na vikombe vya tunda la mwaloni huwa kofia. Inafaa kuzitoboa zikiwa bado mbichi, kwani zikikaa hukauka na kuwa ngumu, na keekee huteleza ikaelekea kidoleni. Usizifungie kwenye mfuko wa plastiki. Zitandaze juu ya gazeti, la sivyo zitaoza.

Kandili yetu ya kawaida tunaijenga juu ya boksi la mviringo la jibini, lile la kadibodi ngumu lenye upana wa sentimita 15 au 16. Kitako cha boksi huwa sakafu ya kandili. Mfuniko tunaukata katikati ukabaki pete, na pete hiyo ndiyo inayoshika umbo la kandili kwa juu. Tunakata karatasi angavu yenye urefu wa sentimita 52 na kimo cha kama 22, tukaibandika kuzunguka kitako na pete, na majani yaliyokaushwa tunayaweka kati ya karatasi mbili nyembamba ili yasivunjike. Kikonyo kinene hukatwa, maana ndicho kinachochana karatasi. Waya mwembamba hupitishwa kwenye matundu mawili yanayokabiliana katika pete, ukawa mpini wa kuning'inizia kwenye fimbo. Gundi tunaipika wenyewe kwa unga wa ngano na maji, tukiikoroga mpaka iwe uji mzito, kama tulivyokuwa tukipika ya kubandikia tiara tulipokuwa watoto Tanga. Inashika karatasi vizuri, haina harufu kali, na mtoto akiilamba hakuna wa kukimbizwa hospitali.

Kugawa kazi kulingana na umri ndilo jambo ninalolizingatia kuliko yote. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kukata mduara, lakini huchana karatasi za rangi vipande vidogo kwa uvumilivu wa ajabu na kuvibandika kwa viganja vyote viwili. Wa miaka mitano hukata kwa mkasi wenye ncha butu. Wa miaka minane hupima kwa rula na kupinda waya kwa koleo. Mimi hukata pete na kutoboa matundu, basi. Vishawishi vya kurekebisha ni vingi, hasa mtu anapojua kwamba kandili zote zitatundikwa ukumbini zionwe na wazazi wengine, na katika baadhi ya hizo mkono wa mtu mzima huonekana waziwazi. Huwa naacha jani lililobandikwa kichwa chini likae hivyo hivyo, kwani gizani mtoto ataitambua taa yake kwa jani hilo hilo.

Kwa wanaopenda rangi zaidi ya majani, kuna njia ya karatasi nene ya kuchorea. Unailowesha, mtoto anaipaka rangi za maji ziingiliane zenyewe, na ikishakauka unaisugua mafuta ya kupikia kwa kitambaa pande zote mbili na kuiacha usiku mzima juu ya magazeti. Mafuta huifanya ipitishe mwanga, na pia husaidia manyunyu yasiipenye upesi, jambo ambalo Novemba ya Rhein hulihitaji sana. Ila karatasi iliyopakwa mafuta isiwekewe mshumaa kamwe. Kwa kandili za karatasi sisi hutumia fimbo yenye taa ndogo ya betri, na ninachagua ile yenye mwanga wa manjano, kwani ile yenye mwanga mweupe hufifisha rangi zote za majani.

Mshumaa tunauweka ndani ya kiazi tu. Jirani yetu, bibi mtu mzima aliyekulia katika mashamba ya magharibi mwa mji, alituambia kwamba utotoni mwake, miaka ya baada ya vita, karatasi ilikuwa adimu na watoto walichonga kandili zao katika viazi vikubwa vya kulishia ng'ombe. Alikuja na kimoja chini ya kwapa, akakaa na mwanangu mkubwa jikoni, wakakikata kofia yake kwa juu na kukikomba ndani kwa kijiko cha chuma mpaka ukuta ukawa mwembamba. Huko Richterswil, kando ya Ziwa Zürich nchini Uswisi, mji mzima hupambwa kwa kandili za aina hiyo Jumamosi ya pili ya Novemba, zikiwa zimechongwa katika turnipu. Wao huondoa ngozi peke yake kwa kufuata nakshi ili mwanga upenye katika nyama nyeupe. Sisi tulijaribu nyota na mwezi mwandamo. Kazi hii ni ya jioni nzima na huchosha mkono, kwa hiyo haimfai mtoto wa chini ya miaka saba, lakini mshumaa ukiwaka ndani yake huwezi kuiteketeza kandili, na harufu ya kiazi kinachopata moto ni nzuri ajabu.

Siku yenyewe hupita upesi. Watoto hula mapema, huvaa nguo za mvua juu ya makoti, na betri za akiba hukaa mfukoni mwangu. Maandamano hufuata bendi ya tarumbeta hadi kwenye moto mkubwa, na hapo kisa cha joho huigizwa na mpanda farasi. Kisha kila mtoto hupewa Weckmann, mkate mtamu wenye umbo la mtu, macho ya zabibu kavu na kiko cha udongo kifuani. Nyumbani huwa naoka mingine kwa unga wa ngano, maziwa, siagi na hamira, nikaongeza iliki ya kutwanga ambayo Mjerumani hangeiweka, na majirani sasa huiulizia. Baadaye watoto hupita mlango kwa mlango na kandili zao, wakaimba na kupewa peremende, desturi ambayo Bonn huitwa schnörzen na Düsseldorf gripschen. Mwanangu mdogo hakuhitaji kuelekezwa, kwani alikwishapita nyumba za shangazi zake Tanga kupokea mkono wa Idi.

Kandili hazitupwi kesho yake. Zinaning'inia dirishani hadi Januari, majani yakipoteza rangi taratibu, kisha fimbo, taa na pete zinarudi kwenye sanduku, na sehemu za karatasi zilizo bado nzima watoto huzikata kuwa kadi za kumpelekea bibi yao kwa posta. Bibi akizipokea hupiga simu na kutaka aelezwe kila jani limetoka mti gani, umesimama mtaa upi, na ni nani aliyeliokota, nao humjibu kwa Kiswahili, mmoja akimsahihisha mwenzake, mpaka salio linakwisha.