Njia ya mbio ya mita 200 ndani ya kiwanja cha mpira: nilivyoichora shuleni Malindi

Shule nyingi za pwani zina kiwanja kimoja tu, na kiwanja hicho ni cha mpira. Njia ya mita 400 haiingii humo hata ukipunguza leni, kwa hivyo riadha huishia kuwa kukimbia kuzunguka magoli na mwalimu akikisia umbali. Njia ya mita 200 inaingia. Chetu ni mita 95 kwa 55, na hesabu niliyotumia inahitaji mita 87.56 kwa urefu na 47.56 kwa upana, leni nne zikiwa ndani. Kila upande unabaki na kama mita tatu na nusu za usalama, na nguzo za goli hazimgusi mtu wa leni ya nje.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Sehemu mbili zilizonyooka, mita 40 kila moja. Kona mbili, mita 60 kila moja. Jumla 200. Kona ni nusu duara, kwa hivyo nusu kipenyo chake ni 60 ukigawa kwa pai, yaani mita 19.10. Hapo ndipo wengi hupotelea: 19.10 si mahali pa kuchora mstari. Mkimbiaji hakanyagi mstari, hukimbia pembeni yake, na kanuni ya riadha inasema pasipo na ukingo ulioinuliwa njia hupimwa sentimita 20 nje ya mstari wa ndani. Basi mstari unachorwa kwenye 18.90. Ukiuchora na kuupima palepale kwenye 19.10, njia yako itakuwa ndefu kwa mita 1.26 kila mzunguko, na mbio za mita 1500, ambazo hapa ni mizunguko saba na nusu, zitazidi kwa mita tisa na ushei. Mwanafunzi atakwenda mashindano ya kaunti na muda ambao haufanani na wa mtu yeyote.

Leni zina upana wa mita 1.22. Kwa hivyo alama za nusu kipenyo ni 18.90, 20.12, 21.34, 22.56 na 23.78.

Kazi niliyoipa muda mwingi kuliko zote ni vitovu viwili vya kona. Chokaa hufutika kwa wiki, wachezaji wa jioni wanaisugua, mbuzi wanapita, kusi inavuma. Kitovu kikiwa imara, kuchora upya ni kazi ya saa mbili. Kitovu kikiwa kigingi cha mti kilichong'oka, unaanza upya na njia ya muhula huu haitalingana na ya muhula uliopita.

Kwanza tulitafuta mstari wa kati wa kiwanja, kutoka katikati ya goli moja hadi katikati ya goli la pili, kwa uzi wa mwashi. Katikati ya uzi huo tukapima mita 20 kila upande. Hapo ndipo vitovu vilipo, mita 40 kati yao. Tukathibitisha kwa magoli: kutoka kila kitovu hadi ukingo wa ndani wa kila nguzo ya goli lililo karibu iwe mita 27.74, kulia sawa na kushoto. Zikitofautiana, kitovu kimetoka kwenye mstari au magoli hayakusimamishwa sawa. (Magoli ya shule mara nyingi hayakusimamishwa sawa. Pima upana kwanza. Uwe mita 7.32 kati ya nguzo na nguzo.) Kipimo hiki cha 27.74 nimekiandika kwa rangi ya mafuta nyuma ya mlango wa stoo ya michezo, ili atakayekuja baada yangu avipate vitovu bila kuchimbachimba kiwanja kizima.

Ardhi ya Malindi mjini ina udongo kidogo juu na jiwe la matumbawe chini. Jembe halifiki mbali. Tulitumia mtaimbo na sururu, shimo la sentimita 30 kwa 30, kina 40. Ndani yake tukasimamisha kipande cha bomba la maji la chuma la nusu inchi, urefu sentimita 30, wima kwa pimamaji, tukamwaga zege la simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mdomo wa bomba unabaki sentimita 10 chini ya uso wa kiwanja, umezibwa kwa kizibo, kisha udongo unarudishwa. Hakuna chuma kinachochomoza cha kumpasua mtu goti. Siku ya kuchora unafukua sentimita hizo kumi, unatumbukiza nondo ya milimita 12, na kitovu kimesimama. Nondo inacheza kidogo ndani ya bomba, kama milimita mbili, lakini hiyo haileti tofauti ya zaidi ya sentimita moja na robo kwa mzunguko. Mchanga wa zege usiwe wa ufuoni, kwani chumvi italila bomba.

Baada ya vitovu ni pembe mraba. Kwenye kila kitovu tulikata mstari wa kati kwa pembe ya digrii 90, ule mtindo wa mafundi wa tatu-nne-tano, ila sisi tulitumia mita 9, 12 na 15, kwa kuwa pembetatu ndogo huficha kosa. Ncha za mistari hiyo, mita 18.90 kila upande wa kitovu, ndipo kona inapoanza na kuisha. Zinakuwa nne, na zinafanya mstatili wa mita 40 kwa 37.80. Pima ulalo wake, yaani ncha hadi ncha ya mkabala, pande zote mbili: mita 55 na sentimita tatu au nne. Ulalo mmoja ukizidi mwingine kwa zaidi ya sentimita mbili, usiguse chokaa bado. Kwenye ncha hizo nne pia tulizika vipande vya bomba, lakini bila zege, kwa mawe tu.

Sasa kamba. Kamba ya usumba inarefuka kadiri unavyoivuta, nailoni ni hivyohivyo, na ya katani hufupika ikipata umande. Kwa nusu kipenyo nilitumia waya wa kufungia nondo, uliosokotwa nyuzi mbili, wenye kitanzi kinachoingia kwenye nondo ya kitovu, na alama za tepu ya umeme kwenye vile vipimo vitano. Hata waya unahitaji mvuto uleule kila mara. Sentimita tano zikipotea kwenye nusu kipenyo, sentimita 31 zimepotea kwenye mzunguko. Dawa yake niliipata kwa wauza samaki: mizani ya ndoano. Inafungwa mwisho wa waya, na anayevuta anaangalia sindano isimame kwenye kilo tano. Tepu ya chuma ya mita 50 nayo huvutwa vivyo hivyo. Watu hulaumu joto la Malindi kwa vipimo vinavyotofautiana, lakini digrii 15 za ziada hurefusha tepu nzima kwa chini ya sentimita moja. Mkono ndio unaoharibu.

Kuchora kunaanzia nje kuja ndani. Waya ukizunguka unaburura juu ya ardhi yote iliyo kati yake na kitovu, kwa hiyo ukianza na mstari wa ndani, utaufuta wewe mwenyewe utakapochora wa pili. Anza na 23.78, malizia na 18.90. Watu wanne wanatosha: mmoja anakaa kitovuni kuhakikisha kitanzi hakipandi juu ya nondo, mmoja anavuta na kusoma mizani, mmoja anakwaruza ardhi kwa msumari wa inchi sita kwenye alama, na wa nne anafuata mkwaruzo kwa kopo. Kopo ni la rangi la lita nne, lililotobolewa kitako kwa msumari, matundu mstari mmoja wa sentimita tano. Chokaa iangukie upande wa ndani wa mkwaruzo, wa kitovu, kwa sababu alama ya 18.90 ni ukingo wa nje wa mstari. Kwa leni zote ni hivyohivyo. Upana wa 1.22 unahesabu mstari wa kulia wa mkimbiaji pamoja na leni yake, wa kushoto haumo.

Mistari mitano ikichorwa yote ni kama mita 1,070. Sichori yote. Mstari wa ndani kabisa unachorwa mzima, iliyobaki ni vipande vya mita moja kwa kila mita tatu kwenye kona, na kwa kila mita tano kwenye sehemu zilizonyooka. Jicho la mkimbiaji linaunganisha lenyewe.

Kuhusu chokaa nina msimamo mkali. Chokaa ya kuchomwa, ile ya wajenzi, ikikutana na jasho inababua ngozi, na jichoni ni hatari kabisa, hata iwe imezimwa kwa maji. Watoto wetu wengi hukimbia pekupeku. Mimi nanunua chokaa ya kilimo, ya mawe yaliyosagwa bila kuchomwa, wanayotumia wakulima kupunguza asidi ya udongo. Haina weupe mkali, lakini inaonekana vizuri juu ya udongo mwekundu. Anayeimwaga asimame upepo ukimtoka mgongoni na avae miwani. Ikiwa shule tayari imenunua ya wajenzi, itumike magolini kupaka nguzo. Na ikimwingia mtu jichoni, asafishwe kwa maji mengi yanayotiririka, robo saa au zaidi, kisha hospitali, bila kungoja kuona kama itapoa.

Kwenye mchanga mlegevu, kama shule za Lamu zilizo karibu na ufuo, chokaa haikai hata kipindi kimoja. Huko mikanda ya turubai ya sentimita tano iliyofungwa kwa kamba kwenye vibao vilivyozikwa, kama ya voliboli ya ufukweni, inafaa zaidi. Vibao, si vigingi.

Mstari wa kumalizia niliuweka mwisho wa sehemu moja iliyonyooka, pale kona inapoanzia. Mita 60 za moja kwa moja zinaanzia mita 20 nyuma ya mwanzo wa sehemu hiyo, na mbele ya utepe kunabaki mita 27 za kusimamia. Msiwakimbize watoto kuelekea ukutani.

Mita 200 zinaanzia hapohapo kwenye mstari wa kumalizia, lakini leni za nje ni ndefu zaidi, hivyo wanaozikimbia husogezwa mbele. Kila leni inazidi ya ndani yake kwa mita 7.67, na hii haitegemei ukubwa wa kona, inategemea upana wa leni tu. Leni ya pili 7.67, ya tatu 15.33, ya nne 23.00. Tatizo ni kwamba umbali huo unapita kwenye kona, na tepu inanyooka. Ukiinyoosha tepu mita 23 kwenye leni ya nne, umempa mtoto huyo zaidi ya mita moja ya bure. Hapa hesabu ya duara inasaidia. Simama kwenye mstari wa kumalizia, sentimita 20 nje ya mstari wa ndani wa leni husika, nyoosha tepu moja kwa moja hadi sentimita 20 nje ya mstari uleule mbele, na usome hivi: leni ya pili mita 7.62, ya tatu 15.01, ya nne 22.03. Kwa mita 100, zinazoanzia mwanzo wa kona ya pili, vipimo vya kunyoosha ni 3.83, 7.62 na 11.38. Mita 400 tunazikimbia leni kwa mzunguko wa kwanza, kisha wanaingia ndani, hivyo alama za mita 200 zinatosha.

Vianzio hivi viliwekewa misumari mirefu yenye vifuniko vya soda, imepigiliwa hadi usawa wa ardhi: vyekundu vya mita 100, vya kijani vya mita 200. Chokaa ikifutika, mwanafunzi anapangusa vumbi kwa mguu na kuona mahali pake.

Kipindi ni dakika 40, na darasa linavuka wanafunzi 50. Wanne wakikimbia, waliobaki wasiwe watazamaji. Nagawa vikundi vinne: mmoja leni, mmoja kupokezana kijiti kwenye sehemu iliyonyooka ya nyuma, mmoja mazoezi ya viungo kivulini chini ya mivinje, na mmoja saa na daftari. Kijiti ni kipande cha paipu ya plastiki, kipenyo cha nje milimita 40, urefu sentimita 29. Eneo la kupokezana ni mita 30, ishirini kabla ya alama na kumi baada yake, na kosa la kila darasa ni anayepokea kugeuka nyuma kutazama. Nawafanya wapokee kwa sauti ya anayekuja, bila macho. Mwezi wa Ramadhani zamu ya leni inakuwa ya mbio fupi tu, asubuhi, na saa na daftari zinazunguka haraka zaidi. Wasichana wanaovaa mtandio waufunge, wasiupige pini.

Masika ikipita, udongo huteremka upande wa chini wa kiwanja na kufunika misumari. Fukua vitovu, pima 27.74, pima ulalo, kisha ndipo ununue chokaa.