Mtambo unaopiga hodi

Jamani, leo nimekuwa Nanyuki na fundi mmoja wa mitambo.
Akanionyesha antena ya intaneti juu ya paa. Mimi nikadhani ni ya televisheni!

Na si mbali sana na ukweli. Inatumia masafa ya TV yaliyo wazi, yaani yasiyotumiwa na kituo chochote hapo, kati ya megahezi 470 na 694. Huku huku ndiko mradi wa intaneti wa Mawingu ulikoyajaribu mwaka 2013.

Kilichonikosha ni hiki: kabla ya kurusha chochote, mtambo unapiga hodi kwa hifadhidata, yaani orodha ya chaneli zinazotumika kila mahali.
"Hapa nilipo, chaneli ipi haina mwenyewe?"
Ukiambiwa hakuna, unanyamaza.
Adabu hiyo!

Halafu mawimbi yenyewe hupenya miti kuliko ya waifai.

Watu wa Laikipia, nani ameshaitumia? Kasi yake ikoje?