Mtego wa Jakaranda: Jinsi Nilivyowatoa Waandishi Wenzangu Kimya

Watu husema kwamba waandishi hawaishiwi maneno. Asemaye hivyo hajawahi kukusanya waandishi 11 wa Lubumbashi na jirani zake, yeye mwenyewe akiwemo, ndani ya kikundi kimoja cha simu, kisha akangoja mmoja wao aitikie salamu. Sisi tulikaa hivyo miezi minne mizima. Mtu akituma hadithi yake, wenzake wanamtumia kidole gumba, na baada ya hapo kimya. Kwa kuwa mimi ndiye niliyewaalika wote, nilijiona kama mtu aliyeita wageni arusini akasahau kupika.

Wala hawakuwa watu wapole. Alikuwamo mwalimu mstaafu wa Katuba, ambaye sote twamwita Mwalimu. Alikuwamo mama auzaye samaki wa Kapolowe, aliyekubali kwa hiari yake kuitwa Mama Samaki. Alikuwamo dereva wa lori wa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Alikuwamo fundi cherehani wa Kamalondo, ambaye ananizidi umri na kwa hiyo namwita Yaya, yaani ndugu mkubwa. Na alikuwamo mlinzi wa usiku wa Kolwezi, yapata kilomita 300 kutoka hapa, ambaye huandika mashairi ya mapenzi huku akilinda geti. Ukikutana na yeyote kati yao ana kwa ana, utaondoka umechelewa. Katika kikundi, walikuwa kama mashahidi waliokatazwa kusema kabla ya kesi.

Nilitafuta ushauri, na hapo ndipo nilipopoteza wakati wangu. Bwana mmoja aliyehudhuria semina mbili tatu za uongozi wa vikundi aliniambia kwamba kikundi kisicho na kanuni za ndani hakiwezi kuzungumza. Alitaka tuwe na rais, katibu, mweka hazina na faini kwa kila atakayekaa siku tatu bila kutoa neno. Nami nikamwamini, kwa sababu alisema yote hayo akiwa amevaa koti katika joto la mwezi wa kumi.

Nikaandika kanuni kurasa tatu. Nikatengeneza na ratiba, ambayo hadi leo Yaya akitaka kunichekesha huisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: Jumatatu, kujuliana hali, Jumanne, matatizo ya mwandishi, Jumatano, mazungumzo huru ya kirafiki, kuanzia saa moja hadi saa moja na nusu jioni. Naomba msomaji aitazame vizuri hiyo Jumatano. Nilikuwa nimewapangia watu wazima, baadhi yao wenye wajukuu, nusu saa ya kuwa huru. Ilipofika saa moja kamili nilituma ujumbe: «Karibuni, tuzungumze kwa uhuru.» Mwalimu akajibu: «Asante.» Dereva akajibu: «Asante.» Mlinzi wa Kolwezi akauliza kama asante moja inatosha kumwepusha na faini. Saa moja na dakika nane umeme ulikatika mtaani kwetu, na kusema kweli sijawahi kuushukuru mkato wa umeme kama siku ile. Kanuni zote za kurasa tatu nikazifuta, na faini hakulipa mtu.

Ufumbuzi ulikuja kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimetuma kipande cha hadithi ambamo msichana anapita chini ya jakaranda zilizochanua, maua ya zambarau yakimdondokea kichwani, na tukio lenyewe nimeliweka mwezi wa sita. Niliandika usiku, kichwa kimechoka, sikufikiri. Baada ya dakika mbili dereva, aliyekuwa amekwama kwenye foleni ya malori mpakani, akatuma sauti: «Kaka, jakaranda gani inayochanua mwezi wa sita? Mwezi wa sita sisi tunavaa makoti!» Mama Samaki akadakia kwamba jakaranda za mji huu anazijua, huchanua kuanzia mwezi wa tisa, kabla ya mvua za kwanza, na maua yake yakianguka njiani huteleza mpaka yeye na beseni lake la samaki walishawahi kulala chini. Yaya akataka kujua samaki walikwenda wapi. Mama akaeleza. Mlinzi akasimulia alivyoanguka yeye, si kwa maua bali kwa ganda la embe, mbele ya bosi wake. Ilipofika saa tano usiku walikuwa bado wanacheka, nami nilikuwa sijaandika neno hata moja zaidi.

Nilikaa kitandani nikiitazama simu kama mtu aliyeokota pesa barabarani. Miezi minne nimewabembeleza wazungumze, hawakutaka. Nimekosea mwezi mmoja tu, wamefurika.

Tangu hapo nikaanza kukosea kwa makusudi. Kosa langu la kwanza la kutengenezwa najivunia hadi leo. Niliandika kwamba shangazi wa mhusika wangu aliinjika sufuria kwenye mbabula, jiko letu la makaa, akamimina unga wote mara moja, akafunika, akaenda kusuka nywele, na aliporudi bukari, yaani ugali, ilikuwa imeiva. Nilipobonyeza kutuma, moyo ulinidunda kama mwizi. Jibu la Mama Samaki lilikuja kwa sauti ya dakika nne, na lilianza hivi: «Mwanangu, weye unajuaka kukula bukari tu!» Kisha akanifundisha hatua kwa hatua: unga kidogo kwanza ili upate uji, uji uchemke mpaka urushe matone na kukuunguza mkono, ndipo uongeze unga mwingine na kusonga kwa mwiko, sufuria ukiibana kwa miguu isikimbie. Mwalimu akaongeza kwamba kwao huchanganya unga wa muhogo na mahindi. Mama akamwambia kwamba hiyo ni gundi. Mjadala wa gundi ulichukua siku mbili, na ndani yake walipatikana wahusika wa hadithi nne.

Mega za intaneti zilikwenda, sikatai. Kwa juma moja nilikuwa natumia franka elfu kadhaa ambazo zamani zilinitosha mwezi, na mke wangu aliuliza kama nimepata mke mwingine. Nilimsikilizisha sauti ya gundi, akaelewa.

Niseme pia kwamba si kila kosa linafaa. Nilijaribu kosa la tahajia, likaharibu kila kitu: Mwalimu peke yake ndiye aliyezungumza, wengine wakarudi mafichoni. Nyumbani kwetu tunasema «bantu banakuya», si «watu wanakuja», na mtu akiona Kiswahili cha vitabu kinapimwa, anaogopa kwamba baadaye kitapimwa cha kwake. Katika bukari kila mtu ni profesa. Chagueni basi mambo ya jikoni, ya njiani, ya mvua na ya nguo. Halafu msikubali upesi kwamba mmekosea! Mimi hushikilia kosa langu kwa saa moja hivi, nikidai kwamba shangazi yangu hupika vile, mpaka yule mkimya kuliko wote achoke kuvumilia.

Mpira nao niliugusa mara moja tu. Niliandika kwamba mwaka 2010, katika Kombe la Dunia la Klabu, Mazembe, timu ya mji wetu, walitolewa na Internacional ya Brazil. Kila mtoto wa Lubumbashi anajua kwamba Mazembe waliwapiga hao Wabrazili mabao 2 kwa 0 na kuingia fainali, wakafungwa na Inter ya Italia 3 kwa 0. Sikuwa nimepima ukubwa wa ndoano yangu. Mlinzi aliacha geti, akajirekodi akieleza jinsi kipa Kidiaba alivyosherehekea kwa kurukaruka akiwa amekaa kitako, na mwishoni tulisikia waziwazi kwamba na yeye alikuwa anajaribu. Siku tatu hakuna aliyetuma hadithi. Dereva na Yaya walinuniana kuhusu ile fainali, ikabidi niwapigie simu mmoja mmoja.

Lakini faida niliiona katika maandishi yenyewe. Mama Samaki, ambaye hadithi zake zilikuwa zimejaa malaika na machozi, siku moja katika soga alieleza jinsi anavyomwinua samaki kwa mkono mmoja, akafunua shavu kwa kidole gumba, akatazama matamvua: yakiwa mekundu ananunua, yakiwa na rangi ya majivu anamrudishia muuzaji bila kusema neno. Nilimwomba aandike hivyo hivyo alivyosema. Akashangaa kwamba hayo nayo ni maandishi. Dereva naye sasa anaandika habari za foleni ya Kasumbalesa, za watu wanaopika, wanaofua na wanaogombana chini ya malori yao, na kila jioni tunamdai sehemu inayofuata kama watu wanaodai deni.

Yaliyonipata mwezi uliopita nayaeleza kwa aibu. Nilimaliza hadithi yangu ndefu kuliko zote, nikawatumia wenzangu waisome kabla sijaipeleka kwa watu waliokuwa wanakusanya hadithi za kuchapisha. Wakaisifu. Nikaipeleka. Majuma mawili baadaye nikaambiwa kwa upole kwamba mjomba aliyezikwa katika ukurasa wa 2, kwa mazishi ya kina na nyimbo, anaonekana katika ukurasa wa 9 akiwa mezani na familia.

Niliwauliza wenzangu kwa ukali jinsi gani watu 10 walivyoshindwa kumwona maiti anayekula. Mama Samaki akajibu kwa niaba ya wote: walimwona siku ile ile ya kwanza, wakapigiana simu pembeni, wakakubaliana kwamba ni mtego wangu mwingine, na kwamba safari hii hakuna atakayeuma ndoano. Yaya akauliza kama bukari ya ukurasa wa 9 ilipikwa na yule shangazi, kwa sababu hiyo ingeeleza kifo.