Datsun 240Z uani kwetu Kigamboni

Kutu ya pwani haina huruma. Jumamosi nilibandua kapeti upande wa dereva, nikabonyeza sakafu kwa bisibisi; ikapenya mpaka mchangani. Kumbe mtu alishapaka puti na rangi juu yake! Nimelikata bati lote lile. Fundi wa Gerezani kanikunjia jipya, nikalichomelea mwenyewe nukta nukta, joto lisije kulipinda.

Injini siibadilishi. Silinda sita za mstari, lita 2.4, gari la aina hii ndilo lililoshinda Safari Rally 1971 na 1973. Kabureta zake mbili zinabaki. Feni tu nimeweka ya umeme, maana foleni ya kivuko inachemsha redieta.

Jana mama kasikia muungurumo, akatoka jikoni mikono imejaa unga: “Baba, limewaka!”