Harufu ya makonyo

Ukipita Wawi, kule Pemba, siku wanapopika makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kutoa mafuta, huulizi kuna nini. Harufu inakupokea njiani, hujakiona kiwanda. Utotoni nilikuwa naichukia, hasa nikirudi skuli na njaa. Sasa nasomesha kemia, na harufu hiyo imenifaa kuliko chati yoyote ya ukutani.

Kuna kijana wa kidato cha tatu anayekuja barazani kwangu jioni kwa twisheni. Juzi nilimuuliza: maji yakichemka, ule mvuke ni kitu gani? Akajibu bila kusita, "Haidrojeni na oksijeni, mwalimu. Moto umezitenganisha." Sikumcheka. Jibu hilo hilo niliwahi kuliandika mimi kwenye mtihani, nikakoseshwa, na hakuna aliyenieleza kwa nini.

Nikamwambia, basi birika la mama'ko lingesharipuka zamani. Gesi hizo mbili zichanganyike juu ya jiko la mkaa! Tungekuwa tunazika watu kila asubuhi ya chai.

Mishiko iko ya aina mbili. Ndani ya molekuli moja ya maji, yaani kifungu kimoja cha atomu zilizoshikana, oksijeni imeshikana na haidrojeni mbili kwa kuchangia elektroni, na huo ni mshiko mkali. Baina ya molekuli na molekuli upo mwengine, mwepesi: haidrojeni ya huyu, yenye chaji chanya kidogo, inavutwa na oksijeni ya yule. Chukua gramu 18 za maji, kijiko kikubwa na ziada kidogo. Yakishafika nyuzijoto 100, kuyageuza mvuke kunataka nishati ya kilojuli 41 hivi. Kuyavunja hadi kila atomu ibaki peke yake kunataka zaidi ya 900. Jiko la mkaa linaweza la kwanza tu, kwa hiyo mvuke ni maji yale yale.

Kijana akanitazama kama anayesikiliza mahesabu ya watu wengine. Kwao wana mikarafuu, kwa hiyo nikamgeukia huko. Makonyo yakipikwa, mafuta yanayotoka yananukia nini? "Karafuu." Na kama moto ungekuwa umevunja molekuli zake? Akanyamaza.

Harufu ile kwa sehemu kubwa ni yujenoli: atomu 10 za kaboni, 12 za haidrojeni, 2 za oksijeni. Inapanda na mvuke, inapita kwenye bomba la kupozea, inadondoka ikiwa mafuta, na zote 24 zimeshikana vile vile kama zilivyokuwa kwenye konyo. Molekuli iliachana na wenzake tu.

Nikaingia ndani nikachukua makonyo kiganja kimoja, nikayatupa kwenye mkaa. Mwanzo yakanukia vizuri. Halafu yakashika moto, na moshi ukawa wa kuni yoyote ile, unawasha macho. "Hapa sasa ndani kumevunjika," akasema mwenyewe, huku anakohoa.

Ndipo akaniuliza swali ambalo sikulitarajia kwake. Alikuwa ameona kwenye jedwali kwamba yujenoli huchemka kwenye nyuzijoto 254. Vipi basi itoke na mvuke wa 100? Nilifurahi mpaka nikamwongeza chai. Mafuta na maji hayachanganyiki, kwa hiyo kila kimoja kinatoa mvuke wake kama vile mwenzake hayupo. Kanieneo mbili, yaani misukumo ya mvuke huu na ule, zinajumlishwa, na jumla yake inaifikia ya hewa, vikachemka pamoja, chini kidogo ya 100. Mchango wa mafuta ni mdogo mno, ndiyo maana mvuke mwingi unatoa mafuta kidogo. Mafuta yenyewe, kinyume na ya nazi, ni mazito kuliko maji, yanazama.

Juu yetu mjusi kafiri alikuwa anatembea kwenye dari, miguu juu, hana gundi wala ndoana. Kijana akamwonesha kidole, akafungua mdomo aulize. Adhana ya Magharibi ikaingia. Nikamwambia huyo ni van der Waals, mvuto mwepesi baina ya molekuli na molekuli, njoo Jumamosi.